Baiskeli ya Placidius na Gari la Sinema

Rwezaura alikuwa na kazi ambayo hata mama yake, kule Muleba, alishindwa kumweleza jirani. Hakuwa karani, hakuwa mwalimu, wala hakuwa dereva. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya shuka jeupe na kuwaambia watu kile ambacho tayari wanakiona kwa macho yao wenyewe. Mama yake alikuwa akisema, "Mwanangu yuko serikalini, anaongea," na jirani alitosheka, maana kila aliyemjua Rwezaura tangu utotoni alijua kwamba kuongea angeongea hata bila kuajiriwa.

Mwaka huo wa hamsini na nne gari la sinema lilitumwa Karagwe kabla mavuno ya kahawa hayajaanza. Lilikuwa gari la kijivu lenye ubavu wa kufunguka, na ndani yake mlikuwa na jenereta, mashine ya kuonyeshea picha, kipaza sauti, mapipa ya petroli, na kitanda kimoja cha kukunja ambacho Rwezaura na dereva wake Methodius walikigombania kwa adabu kila jioni, kila mmoja akimsihi mwenzake alale yeye. Methodius alikuwa mtu wa Bukoba, mnene, mtaratibu, aliyependa mashine kuliko mazungumzo. Gari likitembea, yeye ndiye aliyeliendesha. Likisimama, yeye ndiye aliyeendesha picha.

Walitoka Bukoba na picha mbili. Moja ilikuwa ya kuchekesha, ya bwana mmoja anayejaribu kupaka nyumba chokaa huku mbuzi wake akimfuata kila anakokwenda. Ya pili ilikuwa ya mafunzo ya kahawa. Ile ya mbuzi Rwezaura aliisahau barazani kwenye nyumba ya wageni huko Kyaka, kwa sababu asubuhi walipoondoka alikuwa katikati ya kumsimulia mpishi habari ndefu. Walipogundua, walikuwa wamekwisha kupita mito miwili iliyofurika, na Methodius alisema neno moja tu: hageuzi.

Basi wakabaki na kahawa.

Picha ya kahawa haikuwa na sauti. Ilipigwa katika nchi nyingine yenye milima mirefu, na ilimwonyesha mwanamume mmoja akichuma buni nyekundu moja moja, akiacha zile za kijani. Aliziweka kikapuni, akazimwaga kwenye toroli, akazianika juu ya mikeka. Kisha alichukua kitambaa na kulifuta toroli lile kwa muda mrefu sana, ndani na nje, mpaka gurudumu, ili watu wajifunze usafi wa vyombo. Karibu na mwisho, mkewe alitoka nyumbani na mzigo kichwani, akamtazama mumewe kidogo, akashika njia ya kuteremka mlima. Picha ilimfuata mpaka akawa mdogo kama siafu, ikakatika. Huenda alikuwa anakwenda sokoni. Aliyepiga picha hakusema.

Huko Rubwera Rwezaura aliisimulia kama alivyofundishwa. Alisema nyekundu ni mbivu, kijani si mbivu. Watu wa Rubwera walikuwa wakilima kahawa tangu enzi za babu zao, na waliitafuna baada ya kuichemsha kabla hata ya kujua kwamba kuna watu wanaoinywa. Walisikiliza kwa heshima. Baada ya muda mzee mmoja aliuliza kama katika picha hiyo kuna kitu kingine zaidi ya kahawa. Rwezaura akasema hapana. Mzee akashukuru, akaaga, na nusu ya mkutano ikamfuata. Waliobaki walikuwa wamelala.

Aibu ile ilimkaa Rwezaura kooni kama mwiba wa samaki. Njia nzima ya kwenda Nkwenda alikuwa kimya, jambo ambalo lilimtia Methodius wasiwasi kiasi cha kumwuliza kama ana homa.

Nkwenda palijaa. Wanunuzi wa mazao walikuja, na wenye maduka, na familia zilizotoka vibanjani, mashambani mwao mwa migomba, na mikeka yao. Jua lilipozama Methodius aliwasha jenereta, mwanga ukapiga shuka, na mwanamume yule akaanza kuchuma kahawa yake. Rwezaura alikishika kipaza sauti, akafungua mdomo aseme kwamba nyekundu ni mbivu. Badala yake akasema, "Mtazameni vizuri huyu bwana. Jina lake Yustus. Ana mke mzuri, mchapakazi, lakini moyo wake hauko kwa mke."

Mkutano ukatulia. Hakuna aliyekuwa amelala.

Basi akaendelea. Alisema Yustus alinunua toroli, na tangu siku hiyo nyumba haikuwa na amani. Toroli linalala ndani, mke analala karibu na mlango. Mvua ikinyesha, Yustus anakimbia kuokoa toroli, nguo za mke zinalowa kwenye kamba. Ilipofika pale pa kufuta kwa kitambaa, Rwezaura aliteremsha sauti na kusema kwamba kitambaa kile kilikuwa cha mkewe, zawadi ya harusi. Akina mama wakaguna. Na mke alipotoka na mzigo kichwani, alisema, "Mama huyu amekwisha kuuliza mara nyingi: bwana, umenioa mimi au umeoa toroli? Leo hangoji jibu. Anarudi kwao."

Kicheko kilichozuka hakikuwa kicheko alichokitegemea. Kilianzia mbele kulia, kikasambaa, na badala ya kutazama shuka watu walikuwa wakigeuza shingo kutazama upande mmoja. Pale alikaa mwanamume mrefu mwenye koti, wima kama nguzo, mkono wake mmoja ukiwa juu ya kiti cha baiskeli nyeusi inayong'aa. Alikuwa hacheki. Picha ilipokatika alisimama, akaifunika baiskeli yake kwa khanga, akaisukuma taratibu katikati ya watu mpaka gizani.

Methodius, akikunja nyaya, alimwambia Rwezaura kwamba anadhani kuna mtu wamemkosea.

Asubuhi yule mwanamume alikuja. Alikuwa amevaa koti lile lile, na pamoja naye alikuwapo mama mmoja mzee, mfupi, mwenye fimbo na macho makali ya kuku. Mwanamume alijitambulisha kuwa anaitwa Placidius, mkulima wa hapo Nkwenda, Mkatoliki. Mama akajitambulisha kuwa ni Kemirembe, shangazi yake, aliyemlea. Rwezaura aliwaamkia shikamoo, akawapa kiti kimoja kilichokuwapo na pipa.

Placidius hakuwa mtu wa maneno mengi. Alivua kofia yake, akauliza, "Nani aliwaambia?"

Rwezaura aliuliza waliambiwa nini. Hapo shangazi akachukua mazungumzo, na kwa utulivu wa mtu anayemenya ndizi akaeleza mambo yote. Mpwa wake alinunua baiskeli. Baiskeli ilipewa chumba. Mkewe, Deodatha, akinyeshewa aliambiwa ajifute. Baiskeli ikinyeshewa ilifutwa, tena kwa khanga ya Deodatha. Jumapili mume alipanda baiskeli kwenda misani na mke akafuata kwa miguu, mtoto mgongoni na kikapu kichwani. Hata mkungu wa ndizi ulipanda keria, Deodatha hakupanda. Sasa mwezi mzima Deodatha yuko kwao na mtoto wao Projest, na mpwa wake hali chakula isipokuwa viazi, kwa sababu ndicho anachoweza kupika. "Mambo haya tumeyaficha," alisema Kemirembe. "Tumesema amekwenda kumwuguza mama yake. Na serikali imekuja na picha yake mpaka hapa."

Rwezaura alipaswa kusema ukweli wakati huo huo. Alijua hivyo. Lakini aliona ile mikono mikubwa ya Placidius ikizungusha kofia, akaona na fimbo ya shangazi, na mdomo wake, ambao haukuzoea kumsubiri, ukatangulia. Alisema kwamba picha ile si ya Placidius hasa, ni ya watu wote wa namna hiyo.

"Na mwisho wake?" akauliza Placidius. "Yule mama alirudi?"

"Mwisho hatuuonyeshi hapa," alisema Rwezaura. "Mwisho unaonyeshwa Nyabiyonza."

Alitaja Nyabiyonza kwa sababu ndiko walikokuwa wakielekea, na kwa sababu ni mbali vya kutosha mtu kukata tamaa. Placidius na shangazi yake walitazamana.

"Nyabiyonza ndiko kwao Deodatha," alisema Kemirembe. Kisha akasimama, akaenda hadi kwenye gari, akafungua mlango wa mbele na kuanza kupanda.

Methodius alieleza kwamba gari la serikali haliruhusiwi kubeba abiria. Kemirembe alikuwa amekwisha kukaa. Alijibu kwamba yeye si abiria, yeye ni shangazi, na kama serikali inaweza kuingia chumbani kwa mpwa wake bila kubisha hodi, naye anaweza kuingia garini mwake. Methodius akaenda kukagua maji ya injini. Rwezaura na Placidius walipanda nyuma, kati ya mapipa. Baiskeli ilifungwa kwa kamba ubavuni mwa gari, imevikwa khanga yake.

Barabara ya kutoka Nkwenda katika mvua za masika haikuwa barabara, ilikuwa mazungumzo kati ya gari na matope, na matope ndiyo yaliyosema zaidi. Kemirembe hakuwahi kupanda gari maishani mwake, lakini haikumchukua muda kuwa na maoni. Alimwambia Methodius kwamba kumbe gari ni kama mume: kwenye mteremko lina nguvu, kwenye mlima linalalamika. Aliona mwanamke anayepanda mlima na boga kichwani akiwapita, akamwonyesha Methodius. Alishangaa kwa nini watu wa kwenye sinema hupita mbele za watu bila kuamkia. Alitaka kujua yule Yustus ni wa ukoo gani, maana kwa jinsi anavyotembea akinyoosha magoti, ukoo wake lazima una kiburi. Methodius alijibu ndiyo na hapana, na kwa mara ya kwanza tangu Bukoba alionekana kufurahi.

Huko nyuma Placidius alikuwa na jambo moja tu moyoni. Kila gari liliporuka shimo, alisikia kengele ya baiskeli ikilia yenyewe, na uso wake ukakunjana kama wa mtu anayeng'olewa jino. Mwishoni Rwezaura alimwuliza kwa nini asiiache nyumbani. Placidius alisema kwamba baba yake alitembea kwa miguu mpaka akafa, na babu yake vile vile, na yeye siku aliyopanda baiskeli ile mara ya kwanza, upepo ulimpiga usoni akajisikia kama mtu mwingine. "Sikutaka kumwacha yule mtu mwingine nje kwenye mvua," alisema.

Rwezaura alianza kumpenda yule mtu, na hilo lilizidisha hofu yake, kwa sababu mwisho wa picha aliouahidi haukuwapo popote.

Kwenye mlima mmoja mrefu gari lilikwama. Magurudumu yalizunguka bure, yakichimba. Wote walishuka isipokuwa shangazi, na Methodius aliyebaki kwenye usukani. Placidius alifungua kamba, akaishusha baiskeli yake isitikisike zaidi, akaiegemeza kwenye ukingo wa barabara, nyuma kidogo ya gari, mahali pakavu. Akakata majani ya migomba na kuyatandika chini ya matairi. Wakasukuma, Rwezaura na suruali yake ya kazi mpaka magotini kwenye tope. Gari lilipanda hatua kadhaa, likanguruma, likasita, kisha likaanza kurudi nyuma polepole sana, kama ng'ombe aliyebadili mawazo. Walipiga kelele wakaruka pembeni. Gari lilitelemka kwa upole mpaka kwenye ukingo, na pale likajiegemeza na lenyewe.

Sauti iliyosikika ilikuwa ndogo tu.

Gari lilipoondolewa, gurudumu la nyuma la baiskeli lilikuwa limejikunja, usukani umetazama kule ilikotoka, na keria imebanana na kiti. Khanga ilichanika. Methodius alivua kofia. Kemirembe, kutoka dirishani, alisema pole, na ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi kwamba alisema neno moja pekee.

Placidius hakulia wala hakugomba. Aliizunguka baiskeli, akaichukua kwa mikono miwili, akaiweka kichwani. Methodius alimwambia irudishwe garini, lakini alikataa, akasema gari limekwisha kuionja. Kwa hiyo akapanda mlima kwa miguu, baiskeli kichwani, gari likimfuata nyuma kwa mwendo wa kinyonga. Alitembea vile kwa muda mrefu, shingo imekakamaa, macho kwenye vidole vyake vya miguu. Rwezaura alikwenda kando yake akijaribu kumtia moyo kwa hadithi, mpaka alipoona kwamba hasikilizwi, akanyamaza.

Waliingia Nyabiyonza alasiri. Watu waliokuwa vibanjani waliacha majembe wakaja barabarani kuona baiskeli iliyompanda mtu. Mmoja wao alikuwa Mzee Rwegasira, baba yake Deodatha, mtu mwenye ndevu nyeupe na adabu nzito. Alimtazama mkwe wake kutoka juu mpaka chini, akaitikia salamu yake, akasema mashauri yatakuwa asubuhi, wakati wa mashauri, na kwamba jioni hii kuna sinema na yeye hajawahi kuona sinema. Deodatha alisimama nyuma ya baba yake akiwa na Projest mgongoni. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye uso mtulivu. Aliitazama baiskeli iliyovunjika, akamtazama mumewe, akarudi ndani. Lakini mlangoni aligeuka tena kutazama, na Rwezaura aliona mabega yake yanatikisika, asijue kama ni kicheko au kilio.

Wakati wa kufunga shuka Rwezaura alimwendea Methodius na kuungama. Alisema ameahidi mwisho na mwisho haupo. Methodius aliendelea kukaza skurubu. Kisha akatoa maneno mengi kuliko aliyoyatoa wiki nzima. "Mashine hii ina swichi ya kurudisha filamu kinyume. Sijapata kuitumia watu wakitazama. Lakini yule mama anaweza kurudi nyumbani kwake, kama hujali ni kwa namna gani."

Rwezaura hakujali.

Watu wa Nyabiyonza walikaa chini kwa mistari, wazee mbele. Familia ya Rwegasira ilikaa upande mmoja, Placidius na shangazi yake upande wa pili, katikati nafasi wazi ambayo kila mtu aliiheshimu. Rwezaura alisimulia kwa uangalifu. Habari ya toroli aliipunguza makali, lakini ilikwisha kumtangulia kutoka Nkwenda, na pale alipopita haraka watu walimjazia wenyewe. Mama alitoka na mzigo wake, akatembea, akateremka, akawa siafu. Placidius aliinama mbele.

"Na sasa," alisema Rwezaura kwenye kipaza sauti, "mwisho. Mama anarudi."

Methodius alibonyeza swichi. Na kweli mama alianza kurudi. Alipanda mlima kinyumenyume, kisogo mbele, mzigo kichwani, kwa hatua za uhakika. Kuku mmoja alipita uani akitanguliwa na mkia wake. Mama akafika mlangoni, akaingia nyumbani kwa mgongo. Yustus alilipaka toroli uchafu kwa kitambaa, kwa makini, ndani na nje. Buni zikaruka kutoka kwenye mikeka zikaingia torolini, kutoka torolini kikapuni, na kutoka kikapuni zikapaa moja moja mpaka mikononi mwake, naye akazirudisha mtini.

Halafu Mzee Rwegasira, na adabu zake zote, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaanguka ubavu, na hapo Nyabiyonza nzima ikaangua. Watoto waliinuka na kutembea kinyumenyume. Kemirembe alisema kwa sauti kwamba sasa ameelewa: hivyo ndivyo wazungu wanavyopata kahawa mbichi daima.

Sauti ya Deodatha ilipita katikati ya kicheko bila kuinuliwa.

"Bwana wa sinema," alisema, "huyo mama hajarudi. Huyo amevutwa. Mtu anayerudi kwake hutazama mbele."

Rwezaura alishusha kipaza sauti. Aliwatazama watu, akamtazama Methodius, akasikia mdomo wake mtupu. Ndipo Placidius aliposimama. Aliingia moja kwa moja kwenye mwanga, kivuli chake kikafunika shuka lote, na kahawa ikawa inapaa mgongoni mwa koti lake.

"Mama Projest," alisema. Watu walilazimika kunyamaza ili wamsikie. "Leo nilibeba baiskeli kichwani. Sikuona njia, nilikuwa naona miguu yangu tu. Nikakumbuka wewe ulivyokuwa unatembea nyuma yangu hivyo hivyo, na mimi niko mbele napiga kengele."

"Ulikuwa unapiga ili nikupishe," alisema Deodatha.

"Hapana. Nilikuwa napiga ili watu watutazame." Alifikiri, akajisahihisha. "Wanitazame."

Baadhi ya akina mama walisema "eee" kwa pamoja, kama kanisani.

"Na khanga yangu?"

"Ipo. Imechanika. Na kabla ya kuchanika ilikuwa imetoboka, kwenye usukani."

Deodatha aliuma mdomo. Alijaribu kukaza uso wake, ukamshinda, akacheka, akaficha uso kwa mkono. Mzee Rwegasira alisimama akijikung'uta majani na kusema kwamba mambo ya watu wazima hayamalizwi mbele ya mashine. Kesho, na pombe ya rubisi, na wazee. Placidius aliitikia, akarudi kukaa. Baada ya hapo Mzee Rwegasira alimwomba Rwezaura, kwa heshima zote, kama yule kuku anaweza kupitishwa tena.

Asubuhi wazee walikaa. Rwezaura hakuruhusiwa kuingia, jambo lililomuumiza, lakini kuta za nyumba ya Rwegasira hazikuwa nene. Placidius alionywa sana. Aliagizwa kuleta rubisi, na kukaa ukweni akimlimia mama mkwe kibanja chake mpaka Deodatha mwenyewe aone inatosha. Deodatha hakuona haraka. Ikaja kuwa baada ya Pentekoste ndipo walipoondoka, kwa miguu, na Projest mabegani mwa baba yake. Baiskeli iliachwa kwa fundi mmoja wa pale pale, ambaye hakuwa amewahi kutengeneza baiskeli lakini alikuwa na nyundo.

Hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ile, gari likiwa linajazwa petroli, Deodatha alimletea Rwezaura uji chini ya ubavu wa gari. Alikuwa ameukoroga vizuri. Rwezaura aliunywa, kisha hakuvumilia. Alimwambia ukweli wote: kwamba hakumjua Placidius, hakumjua yeye, kwamba yule mama wa kwenye picha pengine alikuwa anakwenda sokoni, na kwamba aliyabuni yote kwa sababu watu wa Rubwera walilala.

Deodatha hakushangaa hata kidogo. "Nilijua," alisema. "Serikali haijui barabara yetu imebomoka wapi, itajuaje mume wangu anafunika baiskeli kwa nguo gani?"

Rwezaura aliuliza kama amwambie Placidius pia, aombe radhi.

"Usimwambie," alisema Deodatha akipokea kikombe. "Yeye anaamini mnamtazama. Mwache aamini angalau mpaka mavuno."

Rwezaura aliahidi, na kwa mtu wa aina yake hiyo ilikuwa ahadi kubwa. Akaenda kupanda mbele, akakuta kiti kimekaliwa. Kemirembe alikuwa amejifunga shuka mabegani, fimbo kati ya magoti, na mapajani kifurushi cha ndizi za kuchoma. Methodius, mikono kwenye usukani, alikuwa akitazama mbele kama mtu asiyehusika.

Rwezaura alimkumbusha shangazi kwamba mpwa wake anabaki huku na kwamba Nkwenda iko upande ule mwingine. Kemirembe alisema anajua Nkwenda iko wapi, amezaliwa huko, na haitakimbia. Alitaka kujua kijiji kinachofuata ni kipi. Methodius alisema Bugene.

"Bugene nako kuna nyumba zenye mambo," alisema Kemirembe. "Wewe mwanangu, huwajui. Panda nyuma, njiani nitakueleza."

Rwezaura akapanda nyuma, akakaa kati ya mapipa. Methodius aliwasha gari.